Kuwa na ID ya Kenya sio kuwa na kura, Wakenya wa Arusha mnanichosha

Juzi kaingia ofisini mwalimu mmoja, anafundisha kwenye hizi inglishi midiam za huku Njiro, kaja kuhuisha kibali chake cha ukaazi. Tukawa tunasubiri printa yangu ijisikie kufanya kazi, stori zikahamia uchaguzi wa kwao wa 2027, akaniambia hana hata wasiwasi, "Si mimi ni Mkenya, ID niko nayo, hiyo siku nitaenda tu nipige kura huku huku."

Nikavua miwani. Hiyo sentensi nimeisikia 2017, nikaisikia 2022, na sasa hivi naisikia kila wiki. Mi Mtanzania, kura yenu hainihusu, kazi yangu ni vibali na makaratasi, ila kwa kuwa mnakuja kunililia mimi mkishakosa basi leo mnisikilize.

ID inathibitisha wewe ni raia. Kura inatoka kwenye daftari la wapigakura, na daftari linakujua kwa kituo kimoja tu. Kile kifaa cha IEBC, tume yenu ya uchaguzi, mnachowekea kidole, mnaita KIEMS, kimebeba majina ya watu wa kituo, hakiangalii unavyoongea Kiswahili cha Nairobi. Kama mwaka fulani ulijiandikisha shule ya msingi ya kijijini kwenu Kisii, afu ukaja Arusha ukakaa miaka kumi, ukazaa, ukajenga Usa River, kwenye daftari wewe bado ni mtu wa Kisii. Ukitokea kwenye kituo cha nje ya Kenya siku ya uchaguzi utaonekana kama mtu aliyekosea harusi, umependeza na zawadi unayo ila jina halipo. 2022 dada mmoja ambaye ni mteja wangu alivaa vizuri kabisa asubuhi ya tarehe 9 Agosti, akaomba ruhusa kazini, na saa nne yuko ofisini kwangu analia. Nilimpa maji. Hapo ningempa nini kingine?

Cha kufanya ni kimoja kati ya viwili. Kama hujawahi kujiandikisha popote, unajiandikisha kwenye kituo cha nje. Kama ulishajiandikisha nyumbani, unaomba kuhamishwa, na hapa ndo wengi mnaangukia kwa sababu mnadhani kuhamisha ni jambo la wiki ya mwisho. Sheria yenu ya uchaguzi inataka ombi la kuhamisha lifike siku 90 kabla ya uchaguzi, na wapya wanafungiwa mlango siku 60 kabla. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani 10 Agosti 2027, hesabu kurudi nyuma siku 90 unaangukia 12 Mei. Lakini hiyo ni ya kwenye sheria, usije ukaikalia. Kwa walio nje, tume inatuma vifaa kwa muda mfupi halafu inafungasha. Kwa uchaguzi wa Agosti 2022 zoezi la nje lilikuwa kama wiki mbili tu, mwisho wa Januari kuingia mwanzo wa Februari, miezi sita kabla, wakati mwenzenu hata bendera ya chama hajaiona. Aliyekuja kuniuliza mwezi wa tano alishachelewa zamani.

Na usiniambie "nilipiga mahali fulani mara ya mwisho." Vituo vya nje vinatangazwa upya kwa kila uchaguzi, angalia tangazo la tume yenyewe, sio meseji ya kufowadiwa kwenye grupu la chama cha kuzikana.

Ushauri wangu ambao nampa kila mtu hata asipouliza: hati uliyojiandikishia ndo hiyo hiyo utaendea kupigia kura. Ulitumia pasi, nenda na pasi. Ulitumia ID, nenda na ID. Sasa pasi inaisha muda na ID watu mnaziacha kwa mama Kakamega "zisipotee". Siku ya kujiandikisha piga picha ile hati uliyotumia na karatasi uliyopewa, jitumie mwenyewe kwenye emeili. Wateja wangu wananicheka kwa hili, wacheke tu.

Ya pili inayonikera, japo sio sana, ni ya kudhani ukipiga kura Tanzania unapata karatasi zote. Nyumbani unapewa sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yule wa bunge la kaunti. Nje unapewa moja tu, ya rais. Kwa hiyo ukihamisha jina umemwacha gavana wako apumue, na najua wapo mnaomchukia gavana kuliko rais. Ndo maana mi simwambii kila mtu ahame. Ukiwa Moshi na kwenu ni Taveta, kuvuka Holili ni safari fupi kabisa, baki kwenye daftari la nyumbani, nenda ukapige zote sita urudi jioni. Ukiwa Arusha na kwenu Kajiado, Noah za Namanga zipo kutwa. Ila kama kwenu ni Turkana au Mombasa na bosi wako hatoi ruhusa, hama, kura moja ni bora kuliko sita za kwenye stori. Hapo kwenye ruhusa, Jumanne ile kwenu huwa sikukuu ila huku ni siku ya kazi, na Nanenane mwaka huo inaangukia Jumapili, kwa hiyo omba Jumatatu na Jumanne mapema kabla wenzako hawajaziwahi.

"Kura za diaspora wala hazihesabiwi." Nani kasema? Mwaka 2022 waliojiandikisha nje walikuwa 10,443 kwenye nchi 12, Tanzania ikiwemo, na tangu 2013 zoezi lilipoanza na majirani wa Afrika Mashariki sisi tumo. Kura zinahesabiwa kituoni, zinajazwa kwenye fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, kama kituo kingine chochote, na 2022 fomu ziliwekwa mtandaoni kila mtu akazisoma akiwa kitandani. Ukishabonyeza zile kaunti 47 unakuta na diaspora imewekwa yake. Mshindi wa urais anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti 24. Ni kweli diaspora haihesabiki kwenye ile robo maana sio kaunti, ila kwenye nusu inaingia. Na hiyo nusu sio mchezo, 2013 Uhuru Kenyatta aliivuka kwa kura kama elfu nane tu. Linganisha na hao elfu kumi wa nje afu uniambie tena hazina maana.

Hadithi kama hiyo hata wazungu wanayo. Kuna Mmarekani mmoja wa Moshi aliniambia kwao kura za walio nje zinafunguliwa wagombea wakikaribiana tu. Sio kweli, zilizofika kwa utaratibu zinahesabiwa zote, na sheria yao ya 1986 ndo inawalinda. Wao wanaruhusiwa hata posta, wanatumiwa karatasi siku 45 kabla, ila waombe kila mwaka. Nyie wa Kenya posta hamna, mtandaoni hamna, ni miguu yako na kidole chako.

"Nikipiga kura ya Kenya watanifuta kibali." Hapana. Kibali kinaangalia kazi na ada. Ila kama ulishaapa uraia wa Tanzania, kaka, ulikana wa kwanza, hapo hatuongelei tena kura ya Kenya.

Sasa na nyie ndugu zangu wa Kilimanjaro msicheke. Kila Desemba magari yakipanda Marangu nakutana na mama ananiambia mwanangu yuko Marekani atapiga kura ubalozini. Mama, hapana. Tanzania hatuna kura ya ubalozini, uwe na pasi ya kisasa usiwe nayo. Kura ya 29 Oktoba 2025 ilipigwa ndani ya nchi, na aliyekuwa nje akaangalia kwenye simu. Na aliyechukua uraia wa huko akiwa mtu mzima, wetu ulishakoma, na ile hadhi maalum ya diaspora inamsaidia mambo ya kuingia na kukaa, haimpi kura hata ya diwani. Anayetaka kupiga aje mwenyewe kipindi cha kuboresha daftari, ajiandikishe, halafu arudi tena siku yenyewe. Tiketi mbili. Yule mama aliniuliza kwani sio rahisi wakaweka tu sanduku pale ubalozini, nikamwambia mama hilo swali likifika bungeni niite nije kusikiliza.

Mwalimu wa Njiro yeye kakubali. Tukakuta jina lake liko Nyamira, pasi yake inaisha mwakani.