Kumfundisha mtoto kuvuka barabara hakutoshi

Mtoto wa shule akigongwa na gari, swali la kwanza huwa: "Kwani hakufundishwa kutazama kushoto na kulia?" Wengi wanaamini kwamba mtoto akishajua kanuni za barabarani, yuko salama. Si kweli.

Kujua kanuni ni jambo moja, kuweza kuitumia ni lingine. Mtoto wa miaka 6 au 7 hukariri vizuri, lakini bado hawezi kukadiria sawasawa kasi ya gari linalokuja wala umbali wake. Tena ni mfupi: gari likiegeshwa karibu na kivuko, yeye haoni barabara na dereva hamwoni yeye. Rafiki akimwita kutoka ng'ambo, kanuni yote imesahaulika. Huo si utovu wa nidhamu, ni utoto.

Kinachookoa zaidi ni mwendo mdogo wa gari. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva anayechukua sekunde 1 kushtuka amekwisha kwenda karibu mita 14 kabla hajakanyaga breki. Kwa kilomita 30, ni mita 8 hivi, na gari husimama upesi zaidi. Ndiyo maana nayapa matuta, njia za miguu na vivuko vilivyoinuliwa uzito zaidi kuliko mabango. Oslo, mji mkuu wa Norwei, ulipunguza mwendo na kuondoa maegesho mengi katikati ya mji. Mwaka 2019 hakuna mtoto aliyekufa kwa ajali ya barabarani humo.

Watoto tuwafundishe, naam, kwa kutembea nao njia ileile wanayopita kila siku. Ila tuta mbele ya lango la shule lidaiwe kwanza.