Maana ya Maneno Marefu ya Kiingereza katika Michezo ya Maneno

Kiingereza kina kivumishi sesquipedalian, chenye asili ya Kilatini, ambacho maana yake ya awali ni "chenye urefu wa futi moja na nusu", na ambacho leo hutumika kwa neno refu kupita kiasi au kwa mtu apendaye kusema kwa maneno ya namna hiyo. Maneno haya huwavutia sana wapenzi wa michezo ya maneno, lakini mengi yao hayachezeki kwenye Scrabble, mchezo wa kupanga herufi zenye pointi ubaoni ili kuunda maneno, kwa kuwa ubao wake una miraba 15 tu kila upande.

Mfano ni floccinaucinihilipilification, neno la herufi 29, yaani tendo la kukihesabu kitu kuwa hakina thamani yoyote. Lenye herufi 45, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenzi wa mafumbo cha Marekani, likiwa na maana ya ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi laini mno la silika (madini yaliyomo kwenye mchanga). Antidisestablishmentarianism, la herufi 28, linatisha kwa macho tu. Ukilichambua unakuta establish, kulipa kanisa hadhi ya kuwa kanisa rasmi la dola, kisha dis, kuliondolea hadhi hiyo, kisha anti, kupinga jambo hilo, na mwishoni viambishi vinavyoligeuza kuwa jina la msimamo, ambao ulikuwa na wafuasi Uingereza katika karne ya 19. Anayejua mzizi na viambishi hahitaji kukariri neno zima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kujifunza maana badala ya tahajia peke yake.

Uncopyrightable, "kisichoweza kulindwa kwa hakimiliki", lina herufi 15 kamili na hakuna hata moja inayojirudia, kwa hiyo lingejaza mstari mzima wa ubao. Hata hivyo, mchezaji hushika herufi 7 tu, na neno lolote linalozidi hapo ni lazima liegemee herufi zilizokwisha kuwekwa.

Kwa sababu hiyo, maneno ya herufi 8 yana manufaa zaidi mchezoni. Mwaka 2006, huko Marekani, Michael Cresta alicheza quixotry, yaani tabia ya kufuata ndoto adhimu zisizotekelezeka, neno lililotokana na Don Quixote, mhusika wa Cervantes, mwandishi wa Uhispania. Herufi zake zina thamani ya pointi 27. X, yenye pointi 8, iliangukia mraba unaozidisha thamani ya herufi mara mbili, jumla ikawa 35. Neno likagusa miraba miwili ya kuzidisha neno mara tatu, hivyo likazidishwa mara 9 na kufikia 315. Na kwa kumaliza herufi zote 7 kwa mkupuo akaongezewa 50, zikawa pointi 365.