Je, wajua kwa nini injini mpya ya skuta haitakiwi kubembelezwa kupita kiasi?

Mtu akishafungiwa injini mpya kwenye skuta yake hapa Malindi, nasaha hazimpungukii. Kuanzia mlango wa gereji hadi kijiwe cha bodaboda ataambiwa maneno yale yale: usiikimbize, enda nayo mdogo mdogo, mpaka ifike kilomita elfu. Naye anatii. Anaendesha thelathini kwa saa siku nenda siku rudi, hata barabara ikiwa nyeupe. Mwezi haujaisha, skuta inatoa moshi wa buluu na oili inapungua. Anarudi kwa fundi akilalamika kwamba ameuziwa injini mbovu. Mara nyingi injini haikuwa na ubaya wowote. Ilibembelezwa mno.

Upole unawezaje kuharibu chuma? Jibu limo ndani ya silinda, mahali ambapo mwenye skuta haoni mpaka siku injini inapofunguliwa.

Tuichukue ile injini inayofungwa kwenye skuta nyingi za Kichina za sisi (cc) 150, yaani ukubwa wa injini, ambayo mafundi na wauza spea huiita GY6. Ukiona imeandikwa 157QMJ, ile 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda, na 57 ni upana wa tundu la silinda kwa milimita. Pistoni yake hupanda na kushuka karibu milimita 58. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na mwendo wake wa wastani ndani ya tundu lile ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Pistoni yenyewe haizibi tundu. Kinachoziba ni ringi, vile vipete vyembamba vya chuma vilivyokaa kwenye mifereji ya pistoni, na kila ringi ina mwanya pale ncha zake mbili zinapokutana. Kwa silinda ya upana huu mwanya wa ringi ya juu huwa kama robo ya milimita.

Ukipata nafasi ya kuishika silinda mpya kabla haijafungwa, iinamishe kidogo mwanga wa jua uingie. Ukuta wake wa ndani si laini kama unavyodhani. Una mikwaruzo myembamba iliyopigwa kwa makusudi kiwandani, mmoja unapanda huku, mwingine unapanda kule, yote ikikatana kama miyaa ya mkeka. Kazi ya mikwaruzo hiyo ni mbili. Mabonde yake yanashika oili ili ringi isikwaruze chuma kikavu, na vilele vyake vinafanya kazi ya tupa, vinailia ringi taratibu mpaka iwe na umbo lile lile la silinda iliyopewa. Ringi mpya inapotoka kwenye karatasi yake inagusa ukuta sehemu chache tu. Kuizoesha injini maana yake hasa ni hiyo: kuiacha ringi na ukuta vilane kidogo hadi vikubaliane.

Sasa swali ni nini kinachoisukuma ringi ukutani. Wengi hudhani ni mkazo wake yenyewe, kwa kuwa ukiibana kwa vidole inarudi. Mkazo huo upo, ila ni mdogo. Nguvu kubwa inatoka kwenye moto. Petroli inapowaka juu ya pistoni, gesi yenye shinikizo la mara makumi ya hewa ya kawaida inapenya nyuma ya ringi ya juu, ndani ya mfereji wake, na kuikandamiza ukutani. Ukivuta mafuta kwa nguvu, shinikizo linapanda na ringi inashikana na ukuta. Ukienda kwa kunyata, shinikizo ni dogo, ringi inateleza juu ya oili bila kusugua chochote.

Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Gesi ya moto inapita pembeni ya ringi isiyokaa vizuri na kuikuta oili iliyobaki ukutani. Oili inaungua, inaganda na kuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia, aina ya vanishi. Utando huo unajaza mabonde ya ile mikwaruzo, na vilele havina tena meno. Ikifika hapo, hata ukiikimbiza skuta hadi Mombasa na kurudi, ringi haikai. Dawa ni kufungua injini, kuupiga ukuta mikwaruzo mipya na kuweka ringi nyingine, gharama ambayo mwenye skuta alidhani ameikwepa kwa kununua injini nzima.

Ndiyo maana mimi sikubaliani kabisa na ile desturi ya kuiwasha injini mpya na kuiacha ikinguruma hapo hapo gereji saa nzima au zaidi, eti ijizoeshe. Haijizoeshi. Ikiwa haina mzigo shinikizo ndani ya silinda liko chini kabisa, na mzunguko ni mdogo hata oili inayofika juu kwenye kemshafti, ule mhimili unaofungua milango ya hewa na moshi, si nyingi. Washa, sikiliza kama kuna mlio wa ajabu, angalia kama kuna mahali panavuja, iache ipate moto dakika chache, halafu toka nayo barabarani.

Wanaosema usiikimbize nao hawakukosea. Kuna upande wa pili, nao ni joto. Pistoni ni alumini, na silinda kwa injini nyingi za aina hii ni chuma cha kusubu. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, na pistoni ndiyo inayopata moto mwanzo. Nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita. Injini ikiwa mpya msuguano ni mwingi, kwa hiyo joto ni jingi zaidi kuliko litakavyokuwa baadaye. Ukiivuta mpaka mwisho na kuiacha hivyo kilomita kumi mfululizo, pistoni inatanuka na kujaza nafasi yake yote, oili inasukumwa nje, na chuma kinakutana na chuma. Injini inashika. Injini inayoshika barabarani huweza kufunga tairi la nyuma ghafla, na hilo ni suala la uhai wa mtu.

Kwa hiyo injini mpya inataka nguvu ya muda mfupi, kisha ipumzike, kisha nguvu tena. Vuta mafuta kwa nguvu ya wastani kutoka ishirini hadi arobaini na tano kwa saa, halafu achia kabisa skuta ishuke mwendo yenyewe. Unapovuta, ringi zinakandamizwa ukutani. Unapoachia, mvuto ndani ya silinda unanyonya oili kidogo juu, inapoza na kubeba chenga zilizosagwa. Baada ya mara kadhaa simama, iache ipoe, anza tena. Hasa usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu.

Hili la mwendo mmoja linawahusu wenye skuta kuliko wenye pikipiki za gia. Mwenye pikipiki akibadilisha gia tu mzunguko wa injini unabadilika. Skuta haina gia za kubadilisha. Ina mkanda na puli mbili zinazojipanua na kujibana zenyewe, na kazi yao ni kuiweka injini kwenye mzunguko ule ule huku kasi ya tairi ikibadilika. Ukishika mafuta mahali pamoja kwenye barabara tambarare, pistoni inafanya safari ile ile kwa shinikizo lile lile mpaka ufike. Dawa iko kwenye mkono wako wa kulia tu.

Malindi kwa hilo ina bahati. Kuzunguka mjini, kutoka Maweni kuja sokoni, kusimama, kumpisha tuktuk, kuondoka tena, kupunguza kwenye tuta, kuvuta kidogo, hiyo ndiyo shule nzuri ya injini mpya, ilimradi isiwe ni kusota kwenye msongamano adhuhuri. Safari mbaya ya siku ya kwanza ni barabara ya Mombasa, ile iliyonyooka ikipita Gede na kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Tambarare, ndefu, inakushawishi ushike mafuta sehemu moja na usahau. Kama huna budi kuipita, cheza na mwendo, na simama njiani uipe injini nafasi ya kupoa. Abiria mmoja kwa safari fupi hadhuru. Abiria wawili na gunia la nazi juu ya mchanga ni mateso, usiyafanye hata kama mteja anaongeza pesa.

Kuna jambo linalosahaulika sana wakati wa kufunga injini hizi, nalo ni kava la plastiki linalozunguka silinda. Injini ya skuta imejificha chini ya kiti, haipigwi na upepo wa barabarani. Inapozwa na feni iliyo ubavuni, na lile kava ndilo linaloupeleka upepo wa feni kwenye mapezi ya silinda. Fundi akiona linamsumbua akaliacha nje, feni inapuliza hewa inayotawanyika ovyo na silinda inaachwa na joto lake. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, hilo peke yake linatosha kuiua injini mpya. Kabla hujalipa, chungulia uone kava lipo na limefungwa skrubu zake zote.

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nayo isisubiri kurekebishwa mpaka injini izoee. Mchanganyiko wenye petroli kidogo na hewa nyingi unawaka kwa joto kali, na joto ndilo adui wetu. Skuta iliyotoka Nairobi inahitaji uangalizi zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Shinikizo la huko ni pungufu ya la Pwani kwa karibu sehemu moja kwa tano. Kama fundi wa huko aliweka jeti ndogo, yaani kitundu chembamba zaidi cha kupitisha petroli kwenye kabureta, ili skuta isivute petroli nyingi kupita kiasi, ukiishusha Malindi kila mvuto unaingiza hewa nzito zaidi huku petroli haijaongezeka vya kutosha. Skuta inakuwa na joto, inakosa nguvu, inapiga mateke ukiachia mafuta, na plagi ukiitoa ni nyeupe. Hapo inatakiwa jeti kubwa kidogo. Plagi nyeusi yenye masizi inasema kinyume chake, petroli ni nyingi. Unayoitafuta ni ya kahawia.

Skrubu ya mchanganyiko iguswe injini ikiwa imeshapata moto vizuri. Skuta hizi zina choki ya umeme inayoongeza petroli dakika chache za mwanzo halafu inajifunga yenyewe. Ukirekebisha kabla haijajifunga unarekebisha uongo. Funga skrubu taratibu mpaka iguse bila kuikaza, ifungue mizunguko kama miwili, kisha izungushe robo kwa robo ukisikiliza pale injini inapozunguka juu zaidi na kwa ulaini. Valvu, ile milango inayofunguliwa na kemshafti, ni kinyume: nafasi yake inapimwa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuwashwa, na kwa nyingi za aina hii ni karibu milimita 0.10.

Wenye Vespa za zamani, na katika mji wenye Waitaliano wengi kama huu bado utaziona, wana tofauti moja ya kukumbuka. Vespa ilianza kutengenezwa na Piaggio mwaka 1946, na kwa miongo mingi injini zake zilikuwa za mipigo miwili, ambazo oili huchanganywa na petroli, kwenye nyingi za baadaye mililita 20 kwa lita. Kwenye injini hiyo oili inaingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukifunga mafuta ghafla ukiwa kwenye kasi na kuiacha iserereke mbali, unaikata petroli na oili kwa pamoja. Achia kidogo kidogo, usifunge kabisa.

Oili ya kwanza ya GY6 usiionee huruma. Injini nzima inabeba chini ya lita moja, na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya tu chini, nyuma ya nati kubwa. Imwage mapema, kilomita 300 ni nyingi za kutosha, ikiwa bado na moto. Mimina kidogo kwenye kiganja, ukigeuze juani: utaona inametameta vumbi la chuma. Huo ndio ushahidi kwamba ringi zilifanya kazi, na vumbi hilo hulitaki lizunguke tena kwenye beringi. Ukifungua nati ile, shika mkono chini yake kwa sababu springi na chujio huanguka pamoja. Ukirudisha usiikaze kwa hasira, uzi wake umekatwa kwenye alumini na hung'oka upesi. Weka oili ya kawaida ya madini; ile ya sintetiki ya bei kali ingoje mpaka ringi zikae.

Baada ya kilomita mia kadhaa kuna kitu kitakushangaza: skuta ikiwa imesimama, hujavuta mafuta, injini inanguruma juu kuliko ulivyoiacha, na tairi la nyuma linataka kwenda lenyewe. Fundi asiyejua ataanza kufungua kabureta. Hakijaharibika kitu. Msuguano umepungua, na petroli ile ile iliyokuwa ikitosha kuizungusha kwa shida sasa inaizungusha kwa wepesi. Rudisha kidogo skrubu ya mwendo, ile inayoweka mzunguko wa injini wakati hujavuta mafuta, mpaka tairi litulie, kisha pima valvu upya kesho yake asubuhi.