Kuhamisha ukurasa kwenye InDesign bila kuvuruga jarida zima

Kwenye jarida lenye kurasa zinazotazamana, ukihamisha ukurasa mmoja umezigusa zote zilizo kati ya ulipoutoa na ulipouweka. Wanaojifunza InDesign, programu ya kupanga kurasa za machapisho, huonyeshwa jinsi ya kuburuta, lakini hili hawaambiwi, na ndilo linaloharibu karatasi kiwandani.

Chukua jarida la kurasa 32. Tangazo liko ukurasa wa 21, mteja analitaka ukurasa wa 5. Ukilichukua peke yake na kulipachika baada ya ukurasa wa 4, lenyewe litakaa vizuri kabisa. Shida iko kwa majirani: wa 5 umekuwa wa 6, wa 6 umekuwa wa 7, hivyo hivyo mpaka wa 20 ambao sasa ni wa 21. Kurasa za namba witiri hukaa kulia na za namba shufwa kushoto, kwa hiyo kila uliokuwa kulia umehamia kushoto, na wa kushoto umehamia kulia. Kama pambizo ya ndani ni milimita 20 na ya nje 12, fremu (visanduku vya maandishi na picha) ulizochora mwenyewe zitapishana na pambizo kwa milimita 8. Mbaya zaidi, picha iliyotandazwa kwenye ukurasa wa 8 na 9 sasa imeangukia 9 na 10, yaani mbele na nyuma ya karatasi ileile. Msomaji hawezi kuiona nzima hata afanyeje.

Dawa ni kuhamisha jozi, yaani kurasa mbili zinazotazamana. Kwenye paneli ya Pages usibofye kijipicha cha ukurasa. Bofya namba zilizo chini yake, 20–21, na kurasa zote mbili zitachaguliwa. Ziburute mpaka kati ya ukurasa wa 3 na wa 4, ukiuangalia mstari wima unaoonyesha zitakapoingia. Tangazo linakuwa ukurasa wa 5, na kurasa za 4 hadi 19 zinasogea hatua mbili kila mmoja bila kubadili upande. Picha ile sasa iko 10 na 11, imekamilika. Jarida likiwa refu siburuti kabisa: naingia menyu ya Layout, kisha Pages, kisha Move Pages, na kuandika namba.

Wapo wanaoondoa alama kwenye Allow Selected Spread to Shuffle, chaguo linaloruhusu kurasa za jozi kuchanganyika na nyingine, ili jozi isitengane. Namba zake huonekana ndani ya mabano ya mraba. Inasaidia, ila mabano hayo hushika kurasa pamoja kwenye kioo tu. Ukurasa wa kushoto wa jozi hiyo ukisomeka 9, kwenye karatasi bado picha imekatika.

Kisha kuna maandishi. Fremu zilizounganishwa hufuata mnyororo wake, hazifuati namba za kurasa. Makala inayotoka ukurasa wa 12 kwenda 13 na 14, ukiuleta wa 14 kabla ya wa 12, msomaji ataanza na hitimisho. Bonyeza Ctrl+Alt+Y, chagua fremu yoyote ya makala, utaona mistari inayoonyesha maandishi yanakoelekea. Mstari unaorudi nyuma ni wa kushughulikia mara moja. Namba za kurasa zenyewe hujirekebisha ikiwa ulitumia alama maalumu ya namba ya ukurasa, lakini “inaendelea uk. 14” uliyoiandika kwa mkono itabaki hivyo hivyo, na orodha ya yaliyomo haibadiliki mpaka uisasishe.

Na jambo moja ninaloliona sana kwa vijana wanaotengeneza vijitabu vya kupigwa pini katikati: wanapanga kurasa kwenye faili kama zitakavyokaa kwenye karatasi, 32 kando ya 1, 2 kando ya 31. Tafadhali msifanye hivyo. Sahihisho moja tu la kuongeza kurasa nne litawarudisha mwanzo kabisa. Faili ibaki kwa mpangilio wa kusoma. Ukichapa mwenyewe, amri ya Print Booklet itaoanisha kurasa. Ukipeleka kiwandani, toa PDF ya kurasa moja moja, ukichagua Pages badala ya Spreads (jozi), na wao watazipanga kwa mashine yao.