Kabla Lori la Misaada Halijaondoka Kuelekea Romania

Kazi yangu ni kuandaa shehena za misaada zinazotoka Uingereza kwenda kwa watoto wa familia maskini za Waroma (jamii ya wachache huko Ulaya, si Warumi) nchini Romania, na jambo ninalotamani wachangiaji walielewe ni kwamba manufaa ya shehena huamuliwa ghalani, kabla lori halijawashwa.

Utawala wa Nicolae Ceaușescu, dikteta wa Romania, ulipoanguka Desemba 1989, picha za watoto waliorundikwa katika vituo vya yatima ziliwatia watu wa Ulaya Magharibi uchungu mkubwa, na malori yakaanza kumiminika yakiwa yamebeba chochote kilichopatikana. Mazoea hayo hayajatutoka, ingawa tangu Januari 2021 Uingereza iko nje ya soko la pamoja la Umoja wa Ulaya, hivyo hata sweta kuukuu la mtoto hupita forodhani. Kanuni ya Umoja huo Na. 1186 ya mwaka 2009 inasamehe ushuru wa mahitaji ya msingi yanayogawiwa wahitaji bure, mradi mpokeaji awe shirika lililoidhinishwa na mamlaka za nchi yake. Lakini msamaha huo hauhusu pombe, tumbaku, kahawa wala chai. Kwa hiyo pakiti ya majani ya chai, hata ikichomekwa kati ya mablanketi kwa upendo wote, naitoa. Maziwa ya unga na nyama ya kopo pia siyapakii, kwa kuwa huhitaji cheti cha daktari wa mifugo na ukaguzi mpakani.

Kinachonishughulisha zaidi ni viatu. Pembezoni mwa jiji la Cluj-Napoca, mahali paitwapo Pata Rât, familia zipatazo 76, nyingi zikiwa za Waroma, zilihamishiwa karibu na dampo la taka tarehe 17 Desemba 2010, katikati ya baridi kali, baada ya kuondolewa katika mtaa wa Coastei. Katika makazi ya namna hiyo, mtoto asiye na buti hushindwa kufika shuleni theluji inapoyeyuka na kuwa matope. Blanketi halina saizi, lakini buti lisilotosha ni mzigo tu. Ndiyo maana tunawaomba wenzetu wa huko wachore nyayo za kila mtoto kwenye karatasi, nasi tunaongeza namba moja, kwa ajili ya soksi nene na kwa kuwa mguu utaendelea kukua. Kuni na dawa nashauri zinunuliwe huko huko.

Picha za watoto wakipokea maboksi sizikubali. Waroma walikuwa watumwa katika Wallachia na Moldavia, tawala zilizoungana baadaye kuwa Romania, hadi miaka ya 1850, na mwaka 1942 takriban 25,000 walihamishwa kwa nguvu hadi Transnistria, eneo lililokaliwa na Romania wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambako maelfu walikufa. Kuwapanga foleni watoto wao mbele ya kamera ni kuwavunjia heshima. Viatu hukabidhiwa mzazi, naye humvisha mwanawe. Mchangiaji anayetaka uthibitisho hupata nakala ya hati ya makabidhiano iliyosainiwa na shirika pokezi, ikionyesha idadi ya jozi na namba zake.