"Haligongi, basi ni zima"

Vijiweni Mtwara mjini, wenye Subaru Impreza za mwendo mkali wana kauli moja: gari lisilotoa mlio wa kugonga kwa chini ni zima. Ina nusu ya ukweli. Boljointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake, ikilegea sana hugonga, ndiyo, lakini kelele huja mwishoni. Bushi ya mpira, ile inayokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini, hupasuka kimyakimya. Springi nayo huweza kukatika mzingo wa chini kabisa, kipande kikabaki kwenye kikombe chake, na dereva asisikie kitu. Na ukiwa na ekzosti ile ya kuamsha mtaa mzima, utasikia nini hasa?

Kwa hiyo inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, magurudumu ya mbele yaning'inie. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: likitulia, shuku beringi ya gurudumu, likiendelea, tazama boljointi. Halafu shika kushoto na kulia. Hapo unapima tairodi, chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu. Unga mwekundu wa kutu pembeni ya boliti mara nyingi ni dalili kwamba inacheza, ingawa upepo wa chumvi wa Mikindani hutia kutu hata iliyokazwa vizuri. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari huo ukiachana, nati imezunguka.

Wanalolisahau mafundi wengi ni hili: bushi nyingi za mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka mpira hujisokota, ukapasuka kabla ya wakati. Wala hautagonga.