Je, wajua kwa nini mchezo wa Gary Gygax unatumia dadu yenye pande 20?

Jumapili iliyopita, barazani kwetu Kijitonyama, tuligombana kwa sababu ya kikombe. Ni kikombe cha plastiki, na ndani yake mna vikaratasi 20 tulivyokata kwenye daftari, kila kimoja na namba yake, 1 mpaka 20. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa Gygax ambamo msimulizi anaeleza hadithi, kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja, na dadu inaamua kama tendo lake limefaulu. Dadu ya pande 20 hatuna. Nilizunguka Kariakoo nikiulizia, kila duka likanitolea ya ludo.

Mdogo wangu alivuta namba 20, akaishangilia, kisha akaiweka pembeni ya chupa ya chai. Mpwa wangu wa darasa la sita akadakia: "Mjomba, rudisha. Ukikaa nayo sisi tutaipata wapi?" Alikuwa sahihi kabisa. Karatasi ikirudi kikombeni, kila namba ina nafasi moja kati ya 20, yaani asilimia 5, kwa kila anayevuta. Ikibaki nje, anayefuata hana tena njia ya kupata 20, na kikombe hakifanyi tena kazi ya dadu. Baada ya hapo akauliza swali lililonifanya niandike haya: kwa nini lazima 20, na ludo inatosha na 6 zake?

Jibu linaanzia kwa fundi viatu. Gary Gygax alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938, akakulia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake ya bima, na ana watoto watano. Akashika ufundi viatu nyumbani, na muda uliobaki akauweka kwenye kuandika kanuni za michezo ya vita, ile ya kupanga vijeshi vya sanamu mezani na kupima kwa rula nani amefika wapi. Nikipita kwa mafundi viatu wetu, sindano mdomoni na soli magotini, huwa namkumbuka.

Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya enzi za mapanga, na mwishoni mwake zikaongezwa kurasa za majoka na wachawi. Kijana wa Minnesota, Dave Arneson, alikuwa anafanya jambo jipya zaidi katika ulimwengu aliouita Blackmoor. Kwake mchezaji hakuongoza jeshi. Alikuwa mtu mmoja, mwenye jina, anayeshuka mapangoni chini ya ngome, na wiki inayofuata anaendelea pale alipoishia. Mwishoni mwa 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva kumwonyesha Gygax. Gygax akawaka kwa hamu. Akachora ngome yake, Greyhawk, na wa kwanza kushuka humo walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Ukimtaja mmoja, mtaje na mwenzake: wazo la Arneson lingebaki sebuleni bila kalamu ya Gygax, na Gygax asingekuwa na cha kuandika bila Arneson. Baadaye walifikishana mahakamani kwa ajili ya malipo, jambo linalonisikitisha mpaka leo.

Mchezo ulitoka Januari 1974: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, zilizopangwa kwa mikono. Dadu hazikuwemo.

Dadu zenyewe Gygax alizikuta kwenye katalogi ya vifaa vya shule, zikiuzwa kufundishia hesabu. Zilikuwa tano kwa seti, na tano hiyo ina sababu. Maumbo mango yasiyobonyea popote, ambayo pande zake zote zinalingana kabisa, na kila kona ni sawa na nyingine, ni matano tu: la pande 4, 6, 8, 12 na 20. Wagiriki wa kale walilijua hilo. Kwa hiyo 20 ndiyo mwisho. Ukitaka umbo la aina hiyo lenye pande nyingi zaidi, halipo. Zile za mwanzo ziliandikwa 0 mpaka 9 mara mbili, na watu walipaka rangi nusu ya pande ili watofautishe 3 na 13.

Ila dadu ya kawaida hakuitupa, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Nguvu, akili, hekima na sifa nyingine za mhusika zinapatikana kwa dadu tatu za pande 6 kujumlishwa. Kuna njia 216 dadu tatu zinavyoweza kuanguka. Kupata 10 kuna njia 27. Kupata 18 kuna njia moja tu: 6, 6, 6. Basi wengi wanaozaliwa ni watu wa kawaida, kama tuliojaa kwenye daladala, na jabali ni wa nadra. Lakini tendo, kwa mfano kumpiga adui kwa upanga, likipimwa kwa pande 20, namba zote zina nafasi sawa. Kila hatua moja ni asilimia 5 kamili. Msimulizi akisema "unahitaji 15 au zaidi", kila mtu barazani anajua ni namba sita kati ya 20, asilimia 30, wala hahitaji kalamu.

Na vikaratasi vyetu? Mwishoni mwa miaka ya 1970 dadu hizo ziliadimika Marekani kwenyewe, na kampuni ya Gygax ikaweka ndani ya boksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, uvivute kwenye kikombe. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama niliyepata ndugu.

Gygax alifariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69. Arneson akamfuata Aprili 2009.

Bibi yangu alikuwa akisema "Paukwa!", nasi tunaitikia "Pakawa!", na kutoka hapo hadithi ilikuwa yake. Sungura alishinda kila usiku. Tuliitikia, tuliogopa, tulicheka, lakini hatukuweza kumgeuza Sungura njia. Mchezo huu unampa msikilizaji mkono ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza ulipo, kisha anauliza: "Unafanya nini?" Ukishajibu, anayeamua kama umeweza si yeye wala wewe. Ni kikombe.

Mpwa wangu ndiye Sungura wetu. Jumapili ile alisimama mbele ya joka linalolinda kivuko. Akakataa kupigana, akataka kulidanganya kwamba mama yake joka anaumwa huko ng'ambo na ametuma aitwe. Nikamwambia anahitaji 12 au zaidi. Akakoroga vikaratasi kwa kidole, macho ameyafumba. Akatoa 3.

Baraza zima kimya. Akakitazama kikaratasi, akakirudisha mwenyewe kikombeni.

"Mjomba, sasa niko wapi?"

"Uko tumboni mwa joka. Giza, joto, na kwa mbali unasikia maji. Unafanya nini?"